Mashine ya Kuomba Radhi

Wananchi wote wa mji wa Antsahamirana, walio hai na wanaotarajiwa kuzaliwa, walitangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu mji wao utakuwa wa kisasa. Tangazo lilipitishwa mitaani kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari la takataka, kwa kuwa ndilo gari pekee la halmashauri lililokuwa na mafuta. Lilieleza kwamba Wiki ya Kasi ya Kidijitali ni ya lazima kwa kila mtu, na kwamba furaha nayo ni ya lazima, isipokuwa kwa wagonjwa wenye cheti cha daktari.

Aliyebuni wiki hiyo ni Haritiana Razafimbelo, Mkurugenzi wa Idara ya Kasi na Mageuzi ya Kidijitali. Idara yake ilikuwa na chumba kimoja nyuma ya ofisi ya meya na mtumishi mmoja, ambaye ni yeye mwenyewe. Lakini mtu asimwone mdogo. Mkoa mzima haukuwa na mtu mwenye vifaa kama vyake. Mkono wa kushoto alivaa saa ya kumwambia saa ngapi, mkono wa kulia saa ya kumwambia amelalaje. Alikuwa na miwani inayopiga picha, kalamu inayosikia, na kijiko kinachopima chumvi ya mchuzi na kutoa mlio ikizidi, jambo lililofanya asialikwe tena kwa wakwe zake.

"Umelalaje?" mkewe Voahirana alimwuliza asubuhi ile ya Jumatatu, huku akimmiminia maji ya moto ya ukoko wa wali, kinywaji chao cha kila siku.

"Ngoja nitazame." Akaangalia mkono wa kulia, uso ukasawijika. "Vibaya. Nimelala vibaya sana."

"Wewe? Umekoroma mpaka paka kahama nyumba."

"Voahirana, hayo ni maoni. Hizi ni takwimu."

Voahirana alifundisha darasa la mwisho la shule ya msingi, na watoto wake walikuwa wanakaribia mtihani. Alikuwa na mambo mengine ya kufikiria kuliko usingizi wa mume. Akachukua mkoba wake akaenda zake. Haritiana naye akatoka nje kwenye baridi ya mwezi wa sita, kifua mbele, maana Jumamosi Gavana wa Mkoa angekuja mwenyewe kuifunga Wiki. Na Gavana akipendezwa, huenda akamchukua Haritiana mkoani, kwenye ofisi zenye zulia.

Jumatatu ilikuwa Siku ya Vifaa. Watumishi wote wa halmashauri walipewa saa za kuhesabu hatua na mapigo ya moyo, ili taifa lijue wanavyochapa kazi. Watumishi walizipokea kwa makofi, kisha wakajiuliza kwa busara ni nani kati yao mwenye nafasi ya kutembea. Hakuna aliyekuwa nayo. Wote walikuwa na kazi za kukaa. Wakamwita Lemena, mvuta riksho wa kituo cha mbele ya halmashauri, wakamfunga saa zote miguuni, kuanzia vifundo vya miguu hadi magotini.

"Wakubwa, zinawasha," alisema Lemena.

"Ni maendeleo hayo," akajibiwa. "Usikimbie sana mteremkoni, utatuua kwa presha."

Jioni taarifa ilisomwa. Watumishi wa Antsahamirana walikuwa wametembea umbali wa kufika pwani na kurudi bila kuacha meza zao. Meya Ralaizafy, mtu mnene aliyepandishwa ngazi na wasaidizi wawili, alibainika kuwa na moyo imara kuliko meya yeyote nchini.

"Nilikuwa nahisi," alisema Meya, akijipapasa kifua.

Jumanne ilikuwa Siku ya Mafunzo. Kila mkazi alitakiwa kufundishwa kwa njia ya mtandao namna ya kutumia mtandao. Umeme ulikatika kabla ya salamu. Mtu mwingine angeahirisha, lakini Haritiana hakuwa mtu mwingine. Aliwaketisha wanafunzi katika ukumbi wa halmashauri, mwalimu akabaki kilimani kwenye ofisi ya posta yenye jenereta, na kati yao akawekwa karani mwenye baiskeli. Swali likiulizwa ukumbini, karani analibeba mpaka posta. Jibu likipatikana, analiteremsha. Kasi ya mtandao ilikuwa ndogo wakati wa kupanda na kubwa sana wakati wa kushuka, na mara moja mtandao uliangukia kwenye bwawa la mpunga. Hata hivyo wote waliohudhuria walifaulu, maana mtihani nao ulikuwa kwenye mfuko wa karani alipoanguka bwawani.

Mpaka hapo Wiki ilikwenda vizuri, na Haritiana alilala vizuri, kwa mujibu wa mkono wa kulia.

Jumatano ilikuwa Siku ya Kusoma.

Antsahamirana ilikuwa na Nyumba ya Vitabu, jengo la matofali mekundu lililovuja pembeni, ambamo watoto wa shule walisoma kwa zamu kwa kuwa shule zao hazikuwa na vitabu. Haritiana aliiangalia kwa huruma ya mtaalamu. Vitabu vyote vile, rafu zote zile, na vumbi juu, ilhali kishikwambi kimoja chembamba kingeweza kumeza vyote na kubaki na njaa. Basi alifanya kile ambacho taarifa yake iliita kuhamishia maarifa kwenye mfumo. Kishikwambi kilifungwa kwa mnyororo katikati ya chumba. Vitabu, vikiwa sasa havina kazi, vilipakiwa kwenye riksho na kuuzwa kwa kilo kwa wauza karanga na wauza vitumbua sokoni, wafungie bidhaa zao.

Kishikwambi kilikuwa na nywila, na nywila ilijulikana na ofisa mmoja wa mkoani, na ofisa huyo alikuwa likizo. Kwa hiyo wasomaji walipanga foleni kukitazama kioo cheusi. Haritiana aliandika kwamba mwitikio ni mkubwa.

Lakini mwitikio hasa ulikuwa sokoni, kwenye jiko la Soazara, mwanamke wa vitumbua mwenye sauti ya kuzidi tarumbeta. Hakuwa amewahi kuuza vile maishani mwake.

"Soazara! Huyu bwana mwenye duka alimuua mkewe au hakumuua? Nipe vitumbua vya ukurasa unaofuata!"

"Ukurasa unaofuata umeondoka na fundi cherehani. Nina mwisho wa kitabu kingine, unautaka?"

"Wanaoana?"

"Wanaoana, ila umelowa mafuta hapo kwenye busu."

"Nipe hivyo hivyo."

Mji mzima ulikuwa unasoma. Wazee waliokuwa hawajagusa kitabu tangu utotoni walisimama vichochoroni wakibadilishana kurasa kama wacheza karata. Watoto wa darasa la Voahirana walikuwa nao humo humo, wakizunguka na peremende zao kuzibadilisha kwa hesabu za sehemu, ambazo zilisemekana kuwa kwa muuza karanga wa karibu na machinjio. Jiografia ilipatikana nusu. Nusu ya pili ilikuwa imefungiwa samaki.

Jioni Haritiana alifika nyumbani akakuta kamba ya nguo imetundikwa kurasa, zinachuruzika mafuta. Voahirana alikuwa anazipangusa moja moja kwa majivu.

"Hari," alisema bila kugeuka, "watoto wangu wanajisomea mtihani kwenye mafuta ya vitumbua."

"Vitabu vyote vimo kwenye kishikwambi, mke wangu."

"Kifungue."

"Nywila iko likizo."

"Nini iko likizo?"

"Ofisa mwenye nywila. Yuko kijijini kwao, simu haishiki."

Voahirana akaacha kupangusa. "Basi niombe radhi. Mimi na watoto. Sitaki mfumo, sitaki mpango. Sema tu umekosea."

"Idara haijakosea, Voahirana. Idara iko katika kipindi cha mpito."

Voahirana akajifuta majivu mikononi. Alimpakulia wali na kisamvu cha nyama ya nguruwe, kisha yeye akaenda kula peke yake jikoni. Haritiana alihisi kitu kimemkaa chini ya kifua, kizito, kama tonge lililokataa kushuka. Akaangalia saa. Saa ilimwambia moyo wake uko salama. Akaliacha tonge lile lilipo.

Alhamisi ilikuwa Siku ya Ubunifu, na hapa ndipo Haritiana alipoweka roho yake yote.

Katika nchi hii mtu hasimami tu akazungumza mbele ya watu kama mwendawazimu. Lazima kwanza aombe radhi. Huwaomba radhi wazee kwa kuwatangulia kusema, wageni kwa kuwachosha, akina mama kwa kuwapigia kelele, na wote kwa ulimi wake mfupi, na kwa kila radhi watu humwitikia, "Huna lawama!" Msemaji hodari huweza kukaa kwenye radhi mpaka mpunga ukaiva. Kwa miaka mingi, kila Gavana alipokuja Antsahamirana, aliyemsemea ni Randriambao, mzee mwembamba wa kofia ya ukili na shuka jekundu, ambaye radhi zake ziliwahi kuwaliza hata polisi.

Haritiana alimwita ofisini.

"Mzee Randriambao, tumekupatia mbadala." Akafunua kitambaa. Chini yake palikuwa na kasha jeusi lenye spika kubwa. "Msemaji Mnemba, msemaji wa akili bandia. Nimemfundisha kwa hotuba zote za Gavana zilizopita redioni. Anasema kwa sauti ya Gavana mwenyewe, ila hakohoi."

Randriambao alilizunguka kasha mara moja. "Na mimi nitakuwa nani?"

"Utakuwa mdau."

"Mdau hufanya nini?"

"Hushirikishwa."

"Mdau hula?"

"Hilo liko kwenye awamu ya pili."

Mzee akavaa kofia yake akatoka bila kuomba radhi, jambo ambalo kwa mtu kama yeye lilikuwa tusi.

Likabaki tatizo dogo la kiufundi. Msemaji Mnemba alikuwa tayari kuomba radhi, lakini alitaka aambiwe ni za nini. Kwenye kioo chake yalitokea maneno mawili: INGIZA LAWAMA. Haritiana akafikiri, akatabasamu, akaliita gari la takataka. Mji ukatangaziwa kwamba, kwa mkakati shirikishi, kila mwananchi atume kwa simu jambo analotaka viongozi waombe radhi kwalo siku ya Jumamosi.

Ujumbe ulianza kuingia gari likiwa bado halijakata kona. Uliingia Alhamisi yote na Ijumaa yote. Simu ya Idara, iliyounganishwa na kasha, ilipata moto mpaka ikabidi iwekwe dirishani ipigwe na upepo. Haritiana alisimama kuitazama machozi yakimlengalenga. Hakuna jambo la Idara lililowahi kushirikisha watu namna ile. Hakuusoma. Siku ya Kusoma ilikuwa Jumatano, na tena, kama alivyomfafanulia Meya, binadamu akisoma kile kinachosomwa na mashine, mashine inabaki na kazi gani?

"Lakini humo hamna neno baya?" aliuliza Meya Ralaizafy, ambaye hakufika umeya kwa uzembe.

"Ni radhi tu, Mheshimiwa. Radhi imemdhuru nani?"

Jumamosi uwanja ulijaa. Manyunyu yalikuwa yanaanguka, watu wamejifunika mashuka mpaka masikioni, Soazara na jiko lake katikati. Lemena aliegemea riksho yake, miguu ikimwekamweka kwa saa. Voahirana alisimama mbele na darasa lake zima, kila mtoto na furushi la kurasa. Gavana Rabemihoatra alishuka kwenye gari, akapokewa kwa bendi, akaketishwa chini ya turubai, pahali pekee palipokuwa pakavu. Redio ya mkoa ilikuwa inarusha moja kwa moja.

Gavana alikata utepe kwenye kitufe. "Wananchi," alisema, "mimi si kiongozi wa jana. Leo nasemewa na mashine. Kila itakachosema, hesabuni nimekisema mimi mwenyewe." Akabonyeza, akarudi kuketi, akafumba macho kama mtu anayengoja kukandwa mgongo.

Sauti yake ikatoka kwenye kasha, ya upole na iliyonyooka.

"Si mimi niliyestahili kusimama. Mimi ni mtoto mbele ya wazee waliopo. Wazee, niwieni radhi."

"Huna lawama!" uwanja ukaitikia.

"Akina mama mlioacha majiko, niwieni radhi."

"Huna lawama!"

Gavana akatikisa kichwa kwa kuridhika. Hata Randriambao, aliyejibanza nyuma ya nguzo, alikiri moyoni kwamba kasha lina pumzi.

"Naomba radhi," kasha likaendelea kwa upole ule ule, "kwa bomba la maji la mtaa wa mashariki, ambalo nimekwisha kulizindua mara kadhaa, na kila mara maji yalikuja na gari langu yakaondoka na gari langu."

"Huna law—" Uwanja ukajikwaa. Manyunyu yakasikika juu ya turubai.

"Hapo unayo!" Soazara akapaza sauti.

"Hapo unayo!" uwanja ukamfuata.

Gavana akafumbua macho.

"Naomba radhi kwa taa za barabarani alizopewa shemeji yangu kuweka. Aliweka nguzo, akasema taa ziko kwenye hatua ya kufikiriwa."

"Hapo unayo!"

"Naomba radhi kwa zahanati ya kilimani, ambayo daktari wake ni picha iliyotundikwa ukutani. Naomba radhi kwa watumishi ambao mapigo yao ya moyo ni ya Lemena."

Lemena aliinua kofia kwa adabu. Watumishi wa halmashauri wakaangalia viatu vyao.

"Zima," Gavana alimwambia Meya, midomo haichezi.

"Zima!" Meya akamwambia Haritiana.

Haritiana alikuwa amegeuka rangi ya majivu. "Haizimiki, Mheshimiwa. Kumkatiza msemaji aliye kwenye radhi ni utovu wa adabu. Nimeiwekea mfumo wa adabu."

"Ng'oa waya, wewe!"

"Ina betri. Niliogopa umeme ukikatika." Akameza mate. "Ni betri nzuri sana."

Kasha halikuwa na habari nao. "Naomba radhi kwa Nyumba ya Vitabu, ambayo mkurugenzi wangu aliiuza kwa kilo. Naomba radhi kwa watoto wanaoijua historia ya nchi yao kuanzia katikati, kwa sababu mwanzo ulifungiwa karanga. Na naomba radhi kwa mwalimu aliyeomba aombwe radhi nyumbani mwake, akaambiwa huo ni mpito."

Safari hii hakuna aliyeitikia. Watu wote walijua mwalimu ni nani, na kwa desturi, jibu lilikuwa lake. Wakamgeukia Voahirana. Yeye hakusema "huna" wala "unayo". Alimtazama mumewe tu, mvua ikimtiririka usoni, akingoja.

Haritiana aliinua mkono wa kulia kwa mazoea, kisha akaushusha bila kuuangalia. Lile tonge la Jumatano lilikuwa bado lipo, palepale.

"Hapo ninayo," akasema. Hakuwa na kipaza sauti. Ikabidi arudie, maana walio nyuma hawakusikia. "Nimesema hapo ninayo! Nilikosea. Mke wangu, watoto, niwieni radhi."

Voahirana akajifuta uso kwa ncha ya shuka. "Ya nyumbani tutayazungumza nyumbani," alisema. "Lakini nimesikia."

Gavana akaona hapo ndipo pa kupenyea. Akasimama, akatafuta gari lake kwa macho. Lakini Randriambao alikuwa amekwisha kutoka nyuma ya nguzo. Alivua kofia yake, akasimama katikati ya uwanja, na redio ikamwelekea.

"Gavana mheshimiwa," alisema, "niwie radhi mimi mdau. Aliyeomba radhi hawezi kuondoka kabla hajajibiwa, angekuwa mtu asiyefunzwa kwao. Sisi tumeona viongozi wengi hapa, lakini hatujaona anayejitaja mwenyewe hivi, tena kwa hiari yake, tena akatuambia tuhesabu kila neno ni lake. Tumeguswa. Tumekusamehe yote." Uwanja ukapiga makofi. "Kwa desturi, bila shaka. Aliyetaja bomba alete bomba. Aliyetaja taa alete taa. Aliyetaja daktari alete mwenye miguu."

Gavana alikuwa hana pa kukimbilia. Mwandishi wa hotuba zake alikuwa ameachishwa kazi ili kuipisha mashine. Kwa mara ya kwanza tangu ateuliwe, alichukua kipaza sauti bila karatasi mkononi.

"Ndugu zangu," alisema, akitafuta sauti yake, "nawaahidi, kabla mwezi haujaisha, maji yatatoka."

"Naomba radhi," likasema kasha kwa sauti ile ile, bila kupumua, "kwa ahadi iliyotolewa sasa hivi."

Uwanja ukaangua kicheko mpaka bata wa bwawani wakaruka.

"Mashine hii haielewi! Mimi ni mtu wa vitendo!"

"Naomba radhi na kwa hiyo."

Gavana akafungua kinywa, akaliangalia kasha, akakifunga. Akajaribu tena, akakifunga tena. Hatimaye akaketi, na kwa kuwa turubai lilikuwa limeanza kuvuja, akaketi kwenye mvua kama watu wengine, akisikiliza sauti yake mwenyewe ikiomba radhi kwa madaraja yasiyojengwa.

Haritiana hakupelekwa mkoani. Kwa majuma kadhaa alionekana sokoni kila asubuhi pamoja na mkewe, akinunua kurasa kutoka kwa Soazara, na kwa kuwa Soazara hakuziuza bila vitumbua, akawa ananenepa. Vitabu vilirudi rafuni vimeshonwa kwa uzi wa viatu, na ukikifungua cha sayansi kinanukia mafuta moto. Watoto walifanya mtihani wao. Kwenye historia walifanya vizuri sana kuanzia katikati.

Kasha lenyewe mji ulikataa kulirudisha. Liko uwanjani, chini ya paa dogo la bati, na limewekewa sola. Gavana hajarudi tena Antsahamirana kuhutubia. Siku moja lilikuja lori la mabomba, likafuatwa na la nguzo za taa zenye taa, kisha gari dogo lililomshusha daktari, akiwa na miguu yote miwili. Walioleta walikuwa wameagizwa wapakue haraka na waondoke, na mtu yeyote asithubutu kusema neno mbele ya kasha.